Saladi ya Mwezi wa Pili

Gesi imeisha jana, maharage yakiwa nusu njia,
na Moshi hii ya Februari haimruhusu mtu kuwasha mkaa.
Saa nne tu, bati la Pasua limeshaanza kulia,
kuku wa jirani wamelala ubavu chini ya karai,
na mlima umejifunika wingu
kama mdaiwa aliyesikia hodi.
Basi nikasema: leo hatupiki. Leo tunakata.

Mae alishuka Jumanne kutoka Kilema
akija kutolewa mtoto wa jicho,
kidumu cha lita tano amekipakata kama mjukuu.
Mpaka anafika stendi joto lilikuwa limeshamaliza kazi yake:
maziwa yameganda, yamegawana, maji huku, uzito kule.
"Mwaga," akasema.
Sikumwaga. Mimi fundi cherehani, kitambaa hakinishindi.
Nilichukua shashi iliyobaki
kwenye shela la bibi harusi wa Majengo,
nikayafunga, nikayaning'iniza kwenye bomba la uani,
tone,
tone,
usiku kucha, kama mgeni anayeaga na haondoki.
Kesho yake, Mae akiwa hospitali, nikayatia chumvi
nikayalaza chini ya pasi ya mkaa,
pasi baridi, siku hiyo haina suruali ya kunyoosha.
Leo nafungua: jibini.
Jeupe, lina alama za nyuzi,
na juu yake umbo la pasi, ncha yake ikielekeza mlangoni.

Tikiti nimelinunua Mbuyuni kwa Haikaeli,
asiyepunguza bei hata kwa shemeji yake
ila hulipiga kofi mbele yako, ulisikie lenyewe linavyojibu.
Parachichi limetoka kwa mwenye nyumba;
limeangukia bati letu, kwa hiyo ni letu.
Pasheni mbili zimekunja uso (ndizo tamu).
Embe dodo moja. Tango.
Mnanaa umejiotea pale tunapomwaga maji ya kunawia,
haukuombwa, haukupaliliwa,
nauchuma na mkono wote unanukia.

Mae amekaa kizingitini,
jicho la kulia lina bandeji, la kushoto bado lina ukungu wake.
Anasikiliza kisu.
"Hilo tikiti."
"Tikiti."
"Hilo tango, lina kelele."
"Tango, Mae."
"Na hilo lililonyamaza?"
"Embe."
"Embe na maziwa! Unataka nirudi hospitali kwa mlango mwingine?"
Nikakamua ndimu, nikacheka,
nikapasua pasheni, mbegu zikamwagika juu ya vyote
kama vifungo vilivyonidondoka dukani.
Jibini nikalivunja mwisho, vipande vidogo vidogo,
vya kunyunyiza, nilivyoona kwenye harusi ya watu wenye uwezo.

Akaonja kwa vidole.
Tikiti likampita, akameza, akaguna.
Kisha ulimi ukakutana na kile cheupe
na taya likasimama.

"Huyu Sayuni," akasema.

"Sayuni ndiyo. Ulikuja na maziwa yake."

"Ndiyo mkamo wa mwisho. Jumatatu jioni nilikamua,
Jumanne alfajiri Ndelilio akaja na kamba."

Mimi nilikuwa nimeambiwa pesa ya jicho imetoka kikoba.
Niliambiwa hivyo kwa simu, mara mbili,
mara ya pili kwa furaha iliyozidi kidogo.
Kisu kilikuwa bado mkononi,
maji ya tikiti yakinishukia hadi kwenye kiwiko,
na nzi mmoja, wa mjini, asiyejua habari za watu,
akatua ukingoni mwa bakuli.

Sayuni, mwenye baka la paja lililofanana na kikombe.
Nilimkatia majani ya migomba likizo zote za darasa la sita.

"Usinitazame hivyo," Mae akasema. "Nakuona."
Haoni. Nilimpungia mkono, hakupepesa.

Akalipapasa bakuli, akaliinamisha, akanywa ile supu ya chini
yenye ndimu na chumvi na mbegu,
akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Ongeza," akasema.
"Na hilo jibini usilichekeche kama sumu ya panya.
Vunja kama mtu mwenye ng'ombe."